Ukungu Usiopita Magoti

Siku tano za wiki mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya wasichana hapa Nyeri. Siku ya sita, kwa muda wa miaka minne, nilikuwa fundi wa ukungu. Maharusi walipotaka kucheza dansi yao ya kwanza kana kwamba wako mawinguni, walinitafuta mimi, nami nilifika na mashine yangu, ndoo zangu na glavu zangu nene, nikawatandikia ukungu mweupe sakafuni. Ukungu huo haupandi. Unalala chini, unafunika viatu na pindo la gauni, na ukitengenezwa vizuri haupiti magoti. Picha zikitoka, wawili wale wanaonekana kama hawakanyagi ardhi. Niliionea fahari kazi ile kuliko matokeo ya mtihani wowote, na nasema hivyo nikijua kwamba mwalimu wangu mkuu anaweza kuyasoma haya.

Siri yenyewe ni barafu kavu. Si maji yaliyoganda. Ni hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, iliyogandishwa mpaka ikawa mawe meupe yanayochoma mkono kwa baridi. Ukiyatumbukiza kwenye maji ya moto yanatoa ukungu papo hapo. Hayaachi maji kama barafu nyingine, yanatoweka tu. Yangu yalitoka Nairobi Jumamosi alfajiri ndani ya kasha jeupe jepesi kama lile la kubebea samaki, na kufikia jioni nusu ilikuwa imekwenda zake bila kuaga. Kwa hiyo kazi yangu yote ilikuwa kushindana na saa, na mtu anayeshindana na saa kwenye harusi za huku Mlima Kenya amejitafutia ugonjwa wa moyo mwenyewe.

Mimi ni mgeni huku. Nilizaliwa upande wa magharibi, nikaletwa na barua ya kuajiriwa, nikapewa jembe siku ya tatu kama mgeni mwingine yeyote, nikakaa. Kwetu pia tunachelewa, sitadanganya, lakini huku kuchelewa kuna utaratibu wake. Asubuhi ya harusi, watu wa bwana harusi wakija kumchukua bibi harusi, wanakuta lango limefungwa na nyuma yake wamejipanga kina mama wa boma hilo. Lazima waimbe ndipo wafunguliwe. Wakiimba vibaya wanaambiwa waanze upya. Kina mama wanauliza maswali, wanacheka, wanadai hili na lile, na huku nje wageni wamesimama kwenye matope na suti zao. Ni jambo la kupendeza sana kulitazama ikiwa huna kasha la barafu linalopungua ndani ya gari.

Wiki tatu kabla ya harusi ninayotaka kuisimulia, lango la namna hiyo liliniponza. Waliimba pale saa mbili nzima. Dansi ilipofika, barafu iliyobaki ilitoa ukungu wa kufunika vidole vya miguu tu. Emsii, yaani yule mwendesha sherehe, akasema kwenye kipaza sauti, "Madam, hiyo ni ukungu ama kuna mtu ameacha sufuria ya uji?" Hema zima likacheka. Bibi harusi hakucheka. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaapa kwamba jambo lile halitanipata tena, na nilipoagiza barafu ya harusi iliyofuata niliagiza makasha mawili.

Harusi hiyo ilikuwa ya mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa Kiswahili ambaye meza yake katika chumba cha walimu ilipakana na yangu. Yeye na dada yake mkubwa walifiwa na mama yao wakiwa wadogo, wakalelewa na nyanya yao, mama wa mama, kwenye shamba la majani chai katika vilima vya Othaya. Kila mtu alimwita shosho, na hata mimi nikamwita hivyo siku ya kwanza kumwona, nilipokwenda kukagua uwanja. Alikuwa mfupi, mkavu, na alipocheka yalicheka mabega tu, sauti haikutoka.

"Nimesikia ni wewe unatuletea ukungu," aliniambia.

"Ni mimi, shosho."

"Sisi tuko na ukungu hapa tangu Juni. Si ungekuja tu na ndoo, uchote."

Nilimpenda pale pale. Nayaandika haya mapema ili isije ikaonekana kwamba nilimtendea nilivyomtendea kwa sababu sikumjua.

Siku ya harusi, ukungu wake ulikuwepo kweli. Ulikuwa msimu wa baridi, ule wenyeji wanauita gathano, jua likiwa limehama kabisa. Familia ya bwana harusi ilitoka Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, chini huko kwenye joto, nao walikuja wamevaa kama watu wa joto: mashati mepesi, magauni ya mikono mifupi. Kufikia saa tisa walikuwa wamekunjamana kwenye viti. Mama mmoja wa kwao alitoa kitambaa cha meza, akajifunga mabegani, akaendelea kula wali wake bila haya. Shosho alimwona. Alisimama, akapita katikati ya watu mpaka kwa vijana waliosimamisha hema.

"Hawa watu wametupatia kijana yao, na sisi tunawapatia nimonia," alisema. "Funga hii tent."

Wakashusha pande zote nne, wakakaza kamba mpaka chini. Ndani kukaanza kupata joto. Watu wa Wang'uru wakanyoosha migongo, emsii wa siku hiyo akawatania, na mimi pia nilifurahi kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Siku nyingine zote nilizofanya kazi ile, mahema yalikuwa wazi na ukungu wangu ukitoka kwa chini, ukishuka mteremko na kupotelea kwenye nyasi. Sikuwahi kujiuliza ulikuwa unakwenda wapi, wala ungekwenda wapi pasipo na njia.

Mtoto wa yule dada mkubwa alikuwa na miaka minne, naye ndiye aliyebeba maua kanisani. Aliamshwa gizani asukwe nywele, akasimama kanisani, akasimama kwenye picha, na sasa alikuwa analia kwa usingizi. Mama yake alikuwa msimamizi wa bibi harusi, hakuwa na nafasi. Shosho akamchukua. Akamlaza chini ya meza kuu, nyuma ya kile kitambaa cheupe kinachofika ardhini, juu ya blanketi lililokunjwa, akavua shali yake ya sufu akamfunika. Huku ndivyo mambo yalivyo. Iwe harusi, iwe matanga, iwe mkutano wa kanisa, mtoto akishikwa na usingizi analazwa chini ya meza, mahali ambapo hakuna atakayemkanyaga. Watoto wangu mwenyewe wamelala chini ya meza nyingi za watu. Kisha viatu vyake vinawekwa nje ya kitambaa, ili watu wajue kuna mtu.

Viatu vile vilikuwa vyeupe, vyenye kifundo cha utepe. Navikumbuka kwa sababu niliviondoa. Mahali vilipowekwa, kwenye pembe ya meza kuu, ndipo mahali pazuri pa kuficha mashine, kwa hiyo nikaviokota, nikaviweka kando, nikaitua mashine yangu pale. Nilijua viatu ni vya nani na mwenyewe yuko wapi. Nilijua vilevile, kama ninavyojua jina langu, kwamba hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na kwamba ikimwagwa inakaa chini. Mambo hayo mawili yalikuwa kichwani mwangu kwa wakati mmoja na hayakusalimiana. Nilikuwa nawaza kuhusu yule emsii wa uji.

Wimbo ukaanza. Nikashusha barafu ya kasha la kwanza kwenye maji, ukungu ukatoka kwa bomba, ukatambaa, ukajaa. Kwa kuwa hema lilifungwa haukupungua hata kidogo. Ulikuwa ukungu bora kuliko wote niliowahi kuutengeneza. Kwenye ile njia ya maharusi walikuwa wamepanga mishumaa ndani ya chupa, chini, pande zote mbili, na mwanga wake ulipita ndani ya weupe ule ukawa rangi ya asali. Bibi harusi alitazama miguu yake isiyoonekana akafunga macho. Kina mama wakapiga vigelegele. Emsii akasema, "Madam, ongeza, hawa wametoka mbali." Nikaongeza. Nilimimina kasha la pili lote, na nilijipiga kifua moyoni nikafikiri, wako wapi walionicheka.

Ndipo mishumaa ikaanza kuzimika.

Ulizimika ule wa karibu na mashine, kisha uliofuata, kisha uliofuata huo, kwa mpangilio, kama wanafunzi wanaokaa chini mmoja mmoja. Niliutazama mpangilio ule nikauona mzuri. Nilidhani ni upepo. Sasa nieleze ni kwa nini jambo hili linanitesa kuliko yote. Kila mwaka, kidato cha pili, napanga mishumaa kwenye ngazi ndogo ya mbao ndani ya beseni la kioo, nawasha yote, kisha namimina hewa ukaa kutoka kwenye jagi ambalo kwa macho halina kitu. Mshumaa wa chini unazimika kwanza. Wasichana wanapiga makofi. Nawauliza, "Na kama pale chini kungekuwa na mtu amelala?" Wao wanajibu kwa pamoja, kwa sauti, na mimi naandika ubaoni. Nimeuliza swali lile miaka kumi na mbili.

Nikajiuliza, ni upepo gani, na hema limefungwa. Hapo nikakumbuka viatu.

Nilivuta pumzi, nikaibana, nikaingia chini ya meza kwa magoti. Sikuona kitu, palikuwa peupe tupu. Nilipapasa nikapata mguu. Nilimvuta, nikambeba, nikapiga teke pazia la hema mpaka kigingi kikang'oka, nikatoka naye nje kwenye mteremko wa chai na baridi yake. Midomo ilikuwa na rangi ya kijivu. Alikuwa anahema haraka haraka kama mtu aliyekimbia, lakini macho hayakufunguka, na nilipomwita shingo yake ilianguka upande. Nilimpiga kofi shavuni. Nilimwita kwa lugha ya kwetu. Sijui ilipita dakika ngapi. Kisha akatapika juu ya nguo yangu, akaanza kulia, na mimi nikakaa kwenye matope.

Watu wakatoka nyuma yangu. Mama yake alimnyakua. Mtu mwingine alitoka na ile shali ya shosho, nzito, ya kujifunga mara mbili, akiwa ameikuta chini ya meza. Mama wa mtoto akaitazama, akamtazama shosho aliyekuwa ndio kwanza anatoka amejishika kwenye nguzo.

"Shosho, ulimfunika uso?"

"Nilimfunika mwili," shosho akasema.

"Na hii yote? Shosho, hii yote juu ya mtoto mdogo?"

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Sentensi niliyopaswa kuisema ilikuwa fupi: si shali, ni mashine yangu. Niliifungua midomo. Wakati huohuo mtu akaniletea kiti, mwingine maji ya kunawa, na mchungaji akaweka mkono begani mwangu akaanza kumshukuru Mungu kwa kumtumia mwalimu. Watu wakasema amina. Nikafunga midomo. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mimi ni mkali na sina uoga wa kusema, na hata mimi nilikuwa nimeamini. Niliogopa polisi, niliogopa tume ya walimu, niliogopa kuwa mgeni aliyeua mtoto wa wenyeji. Zaidi ya yote niliogopa nyuso zile zilizokuwa zinanitazama kwa shukrani zibadilike.

Hospitalini daktari aliuliza ilikuwaje. Mama akasema mtoto alifunikwa shali akakosa pumzi. Daktari akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyemtoa.

"Hewa ilikuwa kidogo mle ndani," nilisema.

Lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa uongo. Walimwekea oksijeni, wakamchunguza, wakakaa naye mpaka kesho yake, akaenda nyumbani akiomba soseji. Hakupata dhara lolote. Hilo ndilo nililolishika kwa mikono miwili: mtoto ni mzima, basi ukweli ungemsaidia nani? Na tena, nilijiambia, aliyeamuru hema lifungwe si shosho mwenyewe? Nilikuwa na majibu mengi ya namna hiyo. Mwalimu hakosi majibu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikaribia mwaka mzima, na ilitandikwa mazulia. Walinialika kwenye ibada ya shukrani, wakanikalisha mbele. Mwenzangu aliporudi kazini baada ya fungate alinikumbatia mbele ya walimu wote. Mashine niliitupa stoo, nikasema mgongo unaniuma. Kidato cha pili walipofika kwenye somo la mishumaa, niliwaambia wasome kitabuni ukurasa fulani na kufupisha. Msichana mmoja akalalamika kwamba dada yake alilionyeshwa kwa macho. Nilimkaripia bure, mpaka darasa likanyamaza.

Muhula wa pili mwenzangu alianza kuvaa magauni mapana. Siku moja tulikuwa tunasahihisha mitihani, wawili tu kwenye chumba cha walimu, nikamuuliza nani atamlea mtoto akirudi kazini.

"Natafuta msichana," alisema.

"Na shosho?"

Hakuinua kichwa. "Shosho hatumwachii watoto siku hizi, madam. Tangu ile siku. Hata huyu wa dada yangu akienda huko, lazima mama yake awe hapo hapo. Amezeeka, anasahau vitu. Aliniomba akae na huyu wangu, nikamwambia tutaona."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Lakini siku hizi akitaka kubeba mtoto, anauliza kwanza kama anaweza." Akafunua karatasi nyingine. "Na ni yeye alitubeba sisi wote wawili. Si hata mimi inaniuma."

Nilisahihisha karatasi tano baada ya hapo na zote ilibidi nizirudie. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikihesabu kwamba katika jambo lile hakuna aliyepoteza kitu. Sasa niliona kilichopotea na nani alikishika. Mwanamke aliyelea vizazi viwili alikuwa anaomba ruhusa ya kumbeba kitukuu wake, na ruhusa hiyo nilikuwa nayo mimi, mfukoni, karibu mwaka mzima. Na mtoto mwingine alikuwa njiani.

Jumamosi hiyo nilikwenda Othaya. Shosho alikuwa jikoni, lile jiko la nje, anamenya viazi kwenye beseni.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Leo umekuja bila ukungu."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakakimbia. Nilimwambia tu kama lilivyokuwa: barafu ni nini, kwa nini inazima mishumaa, viatu nilivyoviondoa, niliyojua na wakati niliojua, na jinsi nilivyokaa kwenye kiti nikanawa mikono wakati yeye anaulizwa. Hakuacha kumenya. Maganda yake yalikuwa membamba, hayakukatika.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza, shosho."

"Mimi siku hiyo, wakicheza, niliinama nimwangalie. Nikasikia kichwa inazunguka, nikakaa kwa kiti. Nikiwa nimekaa hivyo ndio nikakuona unaingia chini ya meza. Nikajua ni hiyo kitu yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema." Aliweka kiazi kwenye maji. "Kesho yake tu, hapa hapa. Niliwaambia, si shali, ni ule moshi. Wakaniambia, shosho, mwalimu alikuwa hapo, na hiyo ndiyo kazi amesomea. Kama ni moshi, angesema."

Nilitazama moto.

"Mara ya kwanza nilijua mimi ni mkweli," akaendelea. "Halafu ukiambiwa kitu kila siku, na watu wenye wanakupenda, unaanza kuona labda ni hivyo. Nikasema, labda nilimfunika uso. Labda. Nikawa naangalia hii mikono. Nikishika mtoto naona haya. Mimi nimelea watoto na hii mikono miaka sitini, na ni wewe ulifanya niiogope."

Hapo nililia. Sikupenda kulia, kwa sababu nilijua ni njia nyingine ya kuomba kubembelezwa, na yeye pia alijua.

"Usililie kwangu," alisema. "Mjukuu wangu mkubwa anakuja na mtoto saa nane. Utamwambia vile umeniambia mimi. Usipunguze." Kisha akanipa kisu cha pili, na nikamenya viazi naye zaidi ya saa moja. Maganda yangu yalikuwa manene. Aliyatazama.

Saa nane na kitu walifika. Mtoto alikuwa amerefuka. Aliingia mbio akielekea kwa shosho, na mama yake akasema kutoka mlangoni, bila hata kufikiri, kama mtu anayesema pole, "Kuja ukae hapa karibu na mimi." Mtoto akageuka katikati ya jikoni, akarudi. Alikuwa amezoea.

Nikasimama. Nilimwambia yote, sikupunguza. Nilipofika kwenye viatu aliweka chini mkoba wake.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Kabla sijamtoa chini ya meza."

"Na hospitali, daktari akikuuliza?"

"Nilijua."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nadhani nilitaka kutukanwa. Hakunitukana. Alikuwa haniangalii tena. Alikuwa anamwangalia nyanya yake, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayekumbuka vitu kimoja kimoja, na kila kimoja kinamchoma. "Ulituambia," alimwambia.

"Niliwaambia," shosho akasema.

Yule dada alimwinua mtoto, akavuka jikoni, akamweka juu ya mapaja ya shosho, na akatoka nje. Kupitia mlangoni nilimwona amesimama kwenye mistari ya chai, ametupa mgongo, mikono kichwani. Shosho alimpokea mtoto bila kuuliza mtu. Akampangusa pua kwa pembe ya leso, akamwambia jambo kwa Kikuyu, mtoto akacheka. Mimi nilibaki na kisu mkononi. Hakuna aliyeniambia niondoke, wala nikae, kwa hiyo nilimalizia kiazi nilichokuwa nimekianza, nikaaga, nikaondoka.

Jumatatu mwenzangu alihamisha vitu vyake hadi meza ya mwisho karibu na dirisha. Walimu wengine waliuliza kuna nini. Niliwaambia mwenyewe, wakati wa chai, wote wakiwepo, kwa sababu nilikuwa nimejifunza angalau hilo. Nilikwenda pia kwa mwalimu mkuu. Wengine wanaongea nami kama zamani, wengine kama mtu anayeongea na mgonjwa. Somo la mishumaa nalifundisha tena, na nikifika kwenye lile swali nasimulia kisa chote na kusema aliyefanya hivyo ni mimi. Hakuna anayepiga makofi.

Mtoto wa mwenzangu alizaliwa salama, mvulana. Mama yake alirudi kazini wiki iliyopita. Shosho amehamia kwake, hapa mjini Nyeri, na ndiye anayemlea. Nilimwona mara moja kutoka mbali, karibu na soko, mtoto amefungwa mgongoni kwa ile shali ya sufu, akitembea katikati ya barabara kama mwenye barabara.

Jana mwenzangu alisimama mbele ya meza yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ahame.

"Shosho amesema uje uone mtoto," alisema.

Nilishukuru. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa ni yangu, "Na wewe umesemaje?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, ningependa awe na hasira.

"Mimi bado," alisema, akachukua madaftari yake, akaenda darasani.